Morogoro: Kutoka Kituo cha Misafara hadi Mji wa Vyuo

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2002 ilihesabu wakazi 227,921 katika Manispaa ya Morogoro. Miaka 10 baadaye walikuwa 315,866, na Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa wamefikia 471,409. Ongezeko hilo la zaidi ya mara mbili katika miaka 20 limetokea katika mji ambao viwanda vyake vingi, vilivyojengwa kwa matumaini makubwa katika miaka ya 1970 na 1980, vilikwishafungwa au kubadilishiwa umiliki. Miongoni mwa mambo yaliyoubeba mji huo baada ya viwanda kuyumba ni vyuo.

Makala haya yanaeleza historia ya katikati ya mji wa Morogoro: namna eneo hilo lilivyoanza, lilivyopangwa, lilivyonufaika na vyuo, na mabadiliko linayoyapitia sasa. Kwa muda wa zaidi ya karne moja, lango la kuingilia mjini limehama mara kadhaa kwa kufuata njia za usafiri. Soko, kwa upande wake, limeendelea kuwa katikati ya mji. Kuelewa tofauti hiyo kunasaidia kuelewa maamuzi yanayohusu ardhi, biashara na miundombinu ya mji huo leo.

Mji ulio chini ya mlima

Morogoro ipo takriban kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam, kwenye miteremko ya kaskazini ya Milima ya Uluguru. Kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, huonekana kutoka karibu kila mtaa wa mji. Kutoka milimani hushuka vijito vingi, ukiwemo Mto Morogoro unaopita ndani ya mji na kuungana na Mto Ngerengere. Upande wa pili wa milima hiyo ndiko unakopata maji Mto Ruvu, ambao ni chanzo kikuu cha maji ya Jiji la Dar es Salaam.

Wenyeji wa milima hiyo ni Waluguru, jamii ambayo kwa desturi hufuata ukoo wa upande wa mama. Kilimo chao cha ndizi, nanasi, machungwa, viungo na mbogamboga kimekuwa kikilisha mji tangu ulipoanza kukua. Mandhari ya milima, maji na wingi wa mazao ndivyo vilivyoupatia mji jina la utani linalofahamika nchi nzima, yaani “Mji Kasoro Bahari”, kwa maana kwamba kila kizuri kipo isipokuwa bahari.

Simbamwene na njia ya misafara

Kabla ya utawala wa kikoloni, eneo hilo lilikuwa kituo muhimu kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea bara. Katika karne ya 19 kiongozi mwenye asili ya Kizigua, Kisabengo, alijenga hapo makazi yenye ngome, ambayo yalikuja kujulikana kwa jina la Simbamwene. Baada yake utawala ulishikwa na binti yake. Msafiri Henry Morton Stanley, aliyepita hapo mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone, aliandika habari za mji uliozungushiwa ukuta na kutawaliwa na mwanamke. Aliporejea mwaka 1872, alikuta mafuriko yamebomoa sehemu ya ukuta huo na kusomba nyumba kadhaa.

Taarifa hiyo ya zaidi ya miaka 150 iliyopita inabainisha mambo mawili ambayo hayajabadilika. Kwanza, mji ulianza kwa sababu ya wasafiri waliohitaji chakula, maji na mahali pa kupumzika. Pili, maji yaliyouwezesha mji kuwepo ndiyo hayohayo yanayoweza kuudhuru pale yanapokosa njia ya kupita.

Reli yafika, mitaa yapimwa

Mabadiliko makubwa ya kwanza yaliletwa na Reli ya Kati. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na reli ikafika Morogoro mwaka 1907, kabla ya kuendelea hadi Dodoma, Tabora na hatimaye Kigoma mwaka 1914. Kwa kipindi hicho kifupi Morogoro ilikuwa mwisho wa reli, mahali ambapo mizigo ilishushwa kutoka kwenye mabehewa na kuendelea na safari kwa njia nyingine.

Stesheni ilibadili sura ya mji. Biashara iliyokuwa ikitegemea njia ya misafara ilisogea kuelekea reli. Ofisi za utawala ziliwekwa Boma, upande wa mlimani penye hewa ya ubaridi, huku maduka, maghala na nyumba za wageni vikijengwa kati ya Boma na stesheni. Eneo hilo la katikati ndilo lililokuwa kitovu cha biashara, na mpangilio wake wa mitaa iliyonyooka na kukatana bado unatumika. Majina ya kata kama Boma, Kingo, Mji Mkuu na Mji Mpya yanahifadhi kumbukumbu ya hatua mbalimbali za ukuaji huo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nafasi ya Morogoro kwenye reli iliufanya mji kuwa shabaha ya kijeshi. Majeshi yaliyokuwa chini ya Jenerali Jan Smuts yaliuteka mwishoni mwa Agosti 1916, na tangu hapo mji ukawa chini ya Waingereza.

Mkonge, soko na muziki

Katika kipindi cha utawala wa Waingereza, uchumi wa mji ulitegemea kwa sehemu kubwa mashamba ya mkonge yaliyouzunguka. Vibarua walitoka mikoa mingi na nchi jirani, na siku ya malipo waliingia mjini kununua vitambaa, sukari, mafuta ya taa na mahitaji mengine. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi na Kiarabu walifungua maduka kwenye mitaa iliyo karibu na soko, mengi yakiwa ya nyumba zenye duka mbele na makazi nyuma au ghorofani. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Tanganyika, maeneo ya makazi yalitenganishwa kwa misingi ya rangi, na soko likawa miongoni mwa sehemu chache ambapo watu wa makundi yote walikutana.

Mkusanyiko huo wa watu uliifanya Morogoro kuwa mji wa muziki. Morogoro Jazz Band ilianzishwa katika miaka ya 1940, na Salum Abdallah akaanzisha bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Baada ya kifo cha Salum Abdallah mwaka 1965, aliyeendelea kuipeperusha bendera ya mji ni Mbaraka Mwinshehe, ambaye alipata umaarufu akiwa na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Nyimbo zilizotungwa na wanamuziki hao zilisikika Afrika Mashariki yote, na kumbi za dansi zikawa sehemu ya maisha ya mjini nyakati za jioni.

Wakati wa Sensa ya mwaka 1967, mji ulikuwa na wakazi takriban 25,000. Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, Chama cha African National Congress (ANC) cha Afrika Kusini kilifanya hapo mkutano wake unaokumbukwa katika historia ya ukombozi kama Mkutano wa Morogoro.

Miaka ya viwanda

Baada ya Uhuru, Serikali iliichagua Morogoro kuwa mojawapo ya vituo vya viwanda. Vilijengwa viwanda vya viatu, ngozi, turubai, nguo, mafuta ya kula na usindikaji wa tumbaku. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kuuza sehemu kubwa ya bidhaa zake nje ya nchi.

Hali haikuwa kama ilivyotarajiwa. Ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi, matatizo ya umeme na maji, pamoja na udhaifu wa uendeshaji vilisababisha viwanda kadhaa kuzalisha chini sana ya uwezo wake. Katika miaka ya 1990 vingi vilibinafsishwa. Baadhi viliendelea na vingine vikafungwa. Athari zake zilionekana mitaani kwa namna ya moja kwa moja: mshahara wa mwisho wa mwezi, uliokuwa ukiingia kwenye maduka ya katikati ya mji, ulipungua.

Vyuo vinavyouzunguka mji

Wakati viwanda vikipita katika misukosuko hiyo, elimu ya juu ilikuwa ikikua taratibu pembezoni mwa mji. Historia yake haikuanza kwa siku moja.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina asili yake katika chuo cha kilimo kilichoanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya kutoa stashahada. Baadaye kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na masomo ya misitu na tiba ya mifugo yakaongezwa katika miaka ya 1970. Kilianzishwa kuwa chuo kikuu kamili kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 1984, na kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 katika eneo la Dakawa, mkoani humo. Kampasi yake kuu ipo takriban kilomita tatu kutoka katikati ya mji, chini ya Milima ya Uluguru.

Chuo Kikuu Mzumbe kipo zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, katika barabara iendayo Iringa. Kilianza mwaka 1953 kikiwa shule ya mafunzo ya serikali za mitaa, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM) mwaka 1972, na kupandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 2001. Watumishi wengi wa umma nchini, katika ngazi mbalimbali, wamepata mafunzo hapo.

Eneo la Mazimbu lina historia ya pekee. Lilikuwa shamba la mkonge, na Serikali ya Tanzania ikalitoa kwa ANC baada ya wimbi la vijana waliokimbia Afrika Kusini kufuatia maandamano ya Soweto ya mwaka 1976. Hapo kilijengwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu (SOMAFCO), kilichopewa jina la kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992, baada ya ANC kuruhusiwa kufanya shughuli zake nchini mwao, majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania. Sasa ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA, na makaburi ya wapigania uhuru waliofia Tanzania yanaendelea kutunzwa katika eneo hilo.

Vyuo vingine vilifuata baada ya sekta binafsi kuruhusiwa kutoa elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianzishwa katikati ya miaka ya 2000 katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), na Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan kikaanza kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania. Aidha, mji una Chuo cha Ardhi, chuo cha ualimu na taasisi nyingine za mafunzo. Hivyo, ingawa hakuna chuo kikuu hata kimoja kilichopo katikati kabisa ya mji, mji umezungukwa na vyuo karibu kila upande.

Namna vyuo vinavyobeba biashara

Mpangilio huo una matokeo yake. Mwanafunzi anayeishi Mazimbu, Magadu au Mzumbe hulazimika kuja mjini kwa ajili ya benki, nguo, vifaa vya umeme, vitabu na chakula cha jumla. Safari hizo ndizo zinazozipa daladala na bodaboda abiria, na ndizo zinazoyapa maduka ya katikati ya mji wateja wapya kila mwaka wa masomo. Huduma ambazo kizazi kilichopita hazikuwepo kwa wingi, kama vile steshenari, kurudufu na kufunga tasnifu, uwakala wa fedha kwa simu na vyumba vya kupangisha wanafunzi, sasa zimekuwa shughuli za kawaida.

Sehemu ya fedha hizo hutokana na mikopo ya kujikimu inayotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kwa sababu hiyo biashara hufuata kalenda ya vyuo: huchangamka muhula unapoanza na hupungua wakati wa likizo ndefu. Mfanyabiashara anayemtegemea mwanafunzi pekee hukabiliwa na miezi ya ukame kila mwaka. Wanaomudu vizuri zaidi ni wale wanaouza pia kwa wakulima, watumishi na wasafiri, yaani wateja walioujenga mji kabla ya vyuo kuwepo.

Mchango wa vyuo hauishii kwenye matumizi ya wanafunzi. SUA ina hospitali ya wanyama, mashamba ya mafunzo na utafiti wa mbegu na mifugo unaowahudumia wakulima. Ni katika chuo hicho pia ambapo shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu, kazi iliyoutangaza mji huu duniani. Vilevile, SUA na Mzumbe ni miongoni mwa vyuo vinavyonufaika na Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), ambao unaongeza majengo na miundombinu ya kufundishia.

Lango la mji lahama

Katikati ya mji kulijengwa kwa kutegemea stesheni ya reli. Barabara kuu ilipoimarishwa na magari kuwa mengi, uzito wa usafiri ulihamia Msamvu, mahali ambapo barabara ya kutoka Dar es Salaam hugawanyika kuelekea Dodoma na Iringa. Stendi ya mabasi ya mikoani nayo ikahamishiwa huko. Tangu hapo msafiri anaweza kupita Morogoro, akala na kununua mahitaji yake, bila kuingia katikati ya mji hata mara moja.

Badiliko la karibuni zaidi ni la Reli ya Kisasa (SGR). Treni za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza kutoa huduma Juni 2024, na mwezi uliofuata safari zikaendelezwa hadi Dodoma. Tofauti na stesheni ya zamani, ambayo mtu hutembea kwa miguu kutoka hapo hadi sokoni, stesheni mpya ipo nje ya katikati ya mji. Mwanafunzi, mtumishi au mfanyabiashara anayeshuka hapo huhitaji usafiri mwingine ili kufika mjini, na viwanja vilivyo jirani na stesheni vinapata thamani mpya.

Kwa wamiliki wa maduka ya katikati ya mji hili ni jambo la msingi. Njia za misafara zilipozidiwa na reli, biashara ilihama. Reli ilipozidiwa na barabara, sehemu ya biashara ilihamia Msamvu. Stesheni mpya inaweza kuleta wateja wengi zaidi mjini, kwa kuwa safari ya Dar es Salaam imekuwa fupi; lakini inaweza pia kuwapeleka wateja hao kwenye maduka ya Dar es Salaam. Matokeo yatategemea wepesi wa kufika katikati ya mji na kile ambacho mteja atakikuta huko.

Soko lililobaki mahali pake

Jambo moja linalowapa wafanyabiashara matumaini ni soko. Soko Kuu la zamani lilibomolewa, wafanyabiashara wakahamishwa kwa muda, na soko jipya la ghorofa likajengwa na kufunguliwa mwaka 2021 likiwa na jina la Chifu Kingalu, jina la utemi la watawala wa Waluguru wa Kinole. Uamuzi wa kulijenga katikati ya mji, badala ya kulipeleka pembezoni, ulikuwa na maana kubwa. Mazao yanayoshushwa kutoka Mgeta, Matombo, Mkuyuni na Kinole yanaendelea kuingia katikati ya mji, na yanapoingia huja pamoja na mkulima ambaye, baada ya kuuza, hununua mbolea, sabuni, daftari za watoto na bati.

Mzunguko huo ndio unaoufanya mji kuwa na wateja hata vyuo vinapokuwa likizo. Changamoto iliyopo ni kuhakikisha kwamba mkulima mdogo na mchuuzi wa kawaida wanaendelea kumudu gharama za kufanya biashara katika soko la kisasa na mitaa inayolizunguka.

Maji, miteremko na mipango

Ukuaji wa mji una kikomo kinachowekwa na mlima. Sehemu kubwa ya maji ya mjini hutoka Bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 kwenye Mto Ngerengere. Bwawa hilo lilijengwa kwa ajili ya mji uliokuwa mdogo kuliko ulivyo sasa, na udongo unaomomonyoka kutoka mashambani na kwenye miteremko hupunguza uwezo wake. Uhifadhi wa misitu ya Uluguru, kwa hiyo, si suala la wanavijiji wa milimani pekee. Unagusa bomba la kila nyumba ya mjini, kila bweni na kila mgahawa.

Vivyo hivyo kwa mafuriko. Makazi yanapopanda mlimani na mifereji ya mitaa ya chini kuziba kwa taka, mvua za masika hushuka kwa kasi kuelekea maeneo ya biashara na makazi yaliyo bondeni.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaipa Halmashauri ya Manispaa jukumu la kuandaa mipango ya matumizi ya ardhi na inataka wamiliki wa ardhi na wadau washirikishwe katika maandalizi hayo. Kwa wakazi wa Morogoro, hatua hiyo ndiyo nafasi ya kutoa maoni kuhusu masuala yaliyoelezwa hapa: njia za usafiri kati ya stesheni mpya na soko, maeneo ya wafanyabiashara wadogo, hosteli za wanafunzi, mifereji ya maji ya mvua na mipaka ya ujenzi kwenye miteremko. Wananchi wanashauriwa kufuatilia matangazo ya Manispaa na ofisi za kata, na kuhudhuria mikutano inapoitishwa. Maoni yanayotolewa mpango ukiwa bado katika hatua ya rasimu ni rahisi kufanyiwa kazi kuliko malalamiko yanayowasilishwa baada ya viwanja kupimwa na majengo kusimama.